Wapambe, Mashujaa na Wandani: Wasaidizi wa Kompyuta na Majukumu ya Kando katika Michezo ya Mtandaoni

Michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa mtandaoni, yaani ile ambamo maelfu ya watu huingia katika ulimwengu mmoja wa kubuni, kila mmoja akiwa na mhusika wake anayeongezeka nguvu na mali kadiri anavyocheza, ilijengwa juu ya sharti moja, kwamba mchezaji amhitaji mchezaji mwenzake. Zimwi la pangoni lilipimiwa nguvu zake kwa kudhaniwa kwamba watakaolikabili ni watano, sita au wanane, mmoja akipokea mapigo, mwingine akitibu majeraha, na waliobaki wakishambulia. Sharti hilo lilikuwa na tundu tangu mwanzo, kwa kuwa watu hawapatikani kila saa, na anayepatikana si lazima awe na fani inayotakiwa. Tundu hilo lilizibwa kwa vitu viwili: msaidizi anayeendeshwa na kompyuta, na jukumu la kando, yaani kazi ndogo iliyo nje ya kisa kikuu, ambayo mchezaji hupewa na mwanakijiji, askari au mchuuzi wa kubuni ili aitimize kwa ujira. Watengenezaji, hata hivyo, walitoa msaada huo kwa shingo upande, wakiuwekea mipaka ili usije ukawafukuza watu, na sehemu kubwa ya historia hii ni habari ya mipaka hiyo kubomolewa mmoja baada ya mwingine.

Asili ya msaidizi wa kukodiwa haiko kwenye kompyuta, bali kwenye meza. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi na dadu uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, mchezaji aliweza kuajiri watumishi na wafuasi, na haiba ya mhusika wake, iliyohesabiwa kwa dadu kama zilivyohesabiwa nguvu na akili, ndiyo iliyoamua idadi ya wafuasi hao na kiwango cha uaminifu wao. Wazo la kwamba mfuasi ana mshahara, ana hofu, na anaweza kumtoroka bwana wake, lilikuwapo basi tangu hapo, ingawa lilichukua zaidi ya miongo mitatu kurudi kwa ukamilifu. Michezo ya awali ya kompyuta zilizounganishwa ililiacha. Oubliette, iliyotokea mwaka 1977 katika mfumo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, ilikuwa ngumu kiasi kwamba mchezaji wa peke yake hakudumu, na dawa yake ilikuwa kutafuta binadamu wengine waliokaa mbele ya mashine zao saa ileile. MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ulioanzishwa na Roy Trubshaw na kuendelezwa na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, ulikuwa na viumbe waliotembea wenyewe kwa amri ya programu, lakini viumbe hao walikuwa maadui na vikwazo zaidi kuliko wenzi.

Mabadiliko ya kwanza yenye uzito yalitoka Copenhagen, ambako wanafunzi wa sayansi ya kompyuta walitoa DikuMUD mwaka 1991. Humo mchawi aliweza kumroga kiumbe akawa mfuasi wake na kutii amri zake, na mtindo huo ulirithiwa karibu mzima na EverQuest, mchezo wa picha za pande tatu uliofunguliwa Machi 1999. Ufanano wa michezo hiyo miwili ulikuwa mkubwa hata watengenezaji wa EverQuest wakalazimika, mwaka 2000, kutoa tamko la kiapo kwamba hawakutumia hata kipande cha programu ya Wadenmark hao. Katika EverQuest, fani zilizoweza kuishi bila kikosi zilikuwa chache, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zile zenye kiumbe cha kuandamana nacho: mwita-maiti aliyefuatwa na kiunzi cha mifupa, mchawi wa elementi aliyeumba mtumishi wa moto au udongo, na mlozi wa akili aliyeteka zimwi lenyewe, kwa hatari kwamba uchawi ungekatika wakati wowote na mateka akamgeukia bwana wake. Viumbe hao hawakuwa na jina la maana wala neno la kusema zaidi ya kukiri amri. Walikuwa silaha zenye miguu.

Majukumu ya kando, kwa upande wake, yalikuwa wakati huo kitu cha kufichwa. Mchezaji wa EverQuest alimwendea mhusika wa mjini, akaandika salamu, akasoma jibu, kisha akarudia maneno yaliyowekwa ndani ya mabano ili aambiwe zaidi. Hakukuwa na alama ya kuonyesha nani ana kazi ya kutoa, na malipo mara nyingi hayakulingana na usumbufu. Uzoefu, yaani alama za kumpandisha mhusika ngazi, ulipatikana kwa kuua mazimwi yaleyale saa nyingi katika kikosi. Ultima Online, iliyotangulia kufunguliwa Septemba 1997, ilikuwa na njia nyingine, ambayo hadhi yake katika historia hii imepuuzwa mno: raia wa kubuni walisimama njiani wakiomba kusindikizwa hadi mji fulani kwa malipo, na mchezaji naye aliweza kumkodi mpiganaji kwa dhahabu ya kila siku. Mbegu zote mbili zilikuwa katika shamba moja, lakini hakuna aliyeziunganisha, kwa kuwa anayesindikizwa alikuwa mzigo tu, na anayekodiwa hakuwa na kisa chochote.

Mfano wa Diablo II ya kampuni ya Blizzard, uliotoka mwaka 2000, unaonyesha jinsi mpaka ulivyokuwa ukisogezwa taratibu. Mchezo huo, ambao watu wachache walicheza pamoja kupitia mtandao wa kampuni yenyewe, uliruhusu askari wa kukodiwa, lakini askari huyo aliachwa nyuma kisa kilipohamia nchi nyingine, na akifa alikuwa amekufa moja kwa moja. Toleo la nyongeza la mwaka 2001 lilimruhusu kuvuka nchi zote, kuvaa silaha na deraya alizopewa na bwana wake, na kufufuliwa kwa malipo. Hakuwa rafiki, lakini alikuwa amepata historia ya utumishi, na mchezaji aliyempa mkuki wa thamani alikuwa amewekeza kwake.

World of Warcraft ya kampuni hiyohiyo, iliyofunguliwa Marekani Novemba 2004, ndiyo iliyogeuza jukumu la kando kuwa mkate wa kila siku. Watengenezaji wake walikusudia majukumu yawe ya ngazi za mwanzo tu, kisha mchezaji aendelee kwa kuua mazimwi kama katika EverQuest, lakini wajaribu wa ndani ya kampuni walipofika mahali yalipokwisha waliona mchezo kama umeharibika. Majukumu yakaandikwa hadi ngazi ya mwisho, na alama ya mshangao ya rangi ya manjano juu ya kichwa cha mtoa kazi ikaondoa siri yote iliyokuwapo zamani. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko ilivyokusudiwa: kwa mara ya kwanza mchezaji wa kawaida, asiye na mfuasi wa uchawi wala marafiki wa kudumu, alipanda kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho peke yake, akiongozwa na orodha ya kazi. Jeff Kaplan, mmoja wa waliosimamia uandishi huo, alieleza hadharani mwaka 2009 kwamba mwandishi wa jukumu alipewa nafasi ya herufi 511 tu, na akalikosoa vikali jukumu aliloliandika yeye mwenyewe la kukusanya kurasa zilizotawanyika za kitabu cha mwindaji, ambalo lilijaza mifuko ya wachezaji vipande wasivyovihitaji. Ukosoaji huo ulikuwa wa haki, lakini uliliacha kosa kubwa zaidi, kwamba maelfu ya kazi hizo zilitolewa na watu ambao mchezaji hakuwaona tena baada ya kulipwa.

Iliyoanza kuziba pengo hilo ni Guild Wars. Mchezo huu, uliotolewa Aprili 2005 na ArenaNet, kampuni iliyoanzishwa na watu waliotoka Blizzard, ulikuwa na muundo wa pekee: miji ilikuwa ya wote, lakini kila kikosi kilipotoka nje ya lango kilifunguliwa nchi yake chenyewe, isiyoingiliwa na wengine. Kwa kuwa kikosi kilifika watu wanane, na kwa kuwa hakuna wapita njia wa kuombwa msaada huko nje, kampuni iliweka langoni wapambe, yaani wapiganaji na waponyaji wa kompyuta waliojiunga bure. Ubure huo ulikuwa na gharama yake, kwani mpambe alihesabiwa kama mtu wakati wa kugawa ngawira, na sarafu zilizoangukia fungu lake zilipotea. Hakubadilishwa silaha wala mbinu, na alikimbilia adui pasipo kuulizwa. Alitosha kumvusha mchezaji, lakini hakutosha kumfanya aache kutafuta watu.

Toleo la Nightfall la Oktoba 2006 lilileta mashujaa. Shujaa alikuwa mpambe aliyekabidhiwa mikononi mwa mchezaji: silaha zake, deraya yake, mbinu zake nane za kupigana, hata mahali pa kusimama vitani, vyote vilipangwa na mchezaji. Jambo la kutajwa kwa msomaji wa Afrika ni kwamba nchi ya toleo hilo, iitwayo Elona, ilichorwa kwa kuiga kwa kiasi kikubwa mavazi, majengo na mandhari ya Afrika, na mashujaa wake wa kwanza, kama Koss na Melonni, ni watu weusi waliopewa ucheshi, hasira na ukoo, jambo ambalo lilikuwa nadra katika michezo iliyozoea misitu na ngome za Ulaya. Muhimu zaidi kwa historia hii, shujaa alikuja na majukumu yake ya kando: alimleta mchezaji kwa jamaa zake, kwa deni lake, kwa adui yake wa zamani, na mara nyingi kupatikana kwake kulikuwa ndiyo tuzo ya jukumu lenyewe. Mtoa kazi na mwenzi wa safari walikuwa wamekuwa mtu mmoja.

Kampuni iliogopa kile ilichokiunda. Kila mchezaji aliruhusiwa mashujaa watatu tu, ili nafasi nyingine nne zijazwe na watu au na wapambe wa zamani, na mabishano juu ya idadi hiyo yaliendelea kwa zaidi ya miaka minne. Waliotetea mpaka walisema kwamba mchezaji mwenye mashujaa saba hatamwalika mtu. Waliopinga walijibu kwamba watu wa kualikwa wamekwisha kupungua, na kwamba mchezaji mwenye watatu na mwenzake mwenye watatu ndio kikosi kilichobaki. Machi 2011 mpaka ukaondolewa, na mashujaa wakafika saba. Ni vigumu kuona kosa katika uamuzi huo, kwa kuwa wakati huo ArenaNet ilikuwa imeelekeza nguvu zake kwenye Guild Wars 2, ambayo ilipotoka mwaka 2012 haikuwa na wapambe wala mashujaa kabisa, na mchezo wa kwanza, ambao leo unachezeka bila kumsubiri mtu yeyote, umeishi muda mrefu kuliko wengi walivyotarajia. Njia hiyohiyo ilifuatwa na Final Fantasy XI ya Japani, mchezo wa mwaka 2002 uliosifika kwa kumwadhibu asiye na kikosi, ambao Desemba 2013 ulimruhusu mchezaji kuwaita vitani wahusika wa visa vyake kwa uchawi.

Star Wars: The Old Republic ya BioWare, iliyofunguliwa Desemba 2011, ilichukua muungano ule wa mwenzi na kisa na kuupa sauti. Kila moja ya fani 8 ilikuwa na hadithi yake na wandani watano, yaani wenzi wa safari, mbali na roboti wa chombo cha anga. Waliongea kwa sauti za waigizaji, waliridhika au kuchukia kulingana na majibu ya mchezaji, walipokea zawadi, na baadhi yao walichumbiwa. Mizani ya upendo wao ndiyo iliyofungua majukumu yao binafsi, na hapo haiba ya mwaka 1974 ilikuwa imerudi katika umbo jipya. Waandishi walirekodi zaidi ya mistari 200,000 ya maongezi, hata kwa kazi ndogo kabisa za kando, na hilo ndilo lililokuwa kosa la gharama kubwa: mchezaji aliyesimulia vizuri kisa cha mwandani wake hakukumbuka mkulima aliyemtuma kuua wadudu, ingawa wote wawili walilipiwa mwigizaji. Pia pembeni mwa tamthilia hiyo yote mwandani alibaki mtumishi, kwani aliweza kutumwa akauze takataka zilizojaza mkoba, akatoweka kwa muda mfupi na kurudi na pesa. Oktoba 2015 kampuni ilikubali hesabu hiyo: kazi za kando zisizo na uzito zilifichwa katika ramani mpaka mchezaji aombe kuziona, kisa cha fani na cha sayari vikatosha kupandia ngazi, na kila mwandani akaruhusiwa kupokea mapigo, kutibu au kushambulia kama atakavyoamriwa.

Waliofuata walisafisha zaidi kuliko kubuni. Final Fantasy XIV iliwaingiza wahusika wa kisa kikuu mapangoni Julai 2019, wakijua kukwepa mapigo lakini wakiua polepole kuliko watu, na kasi hiyo ndogo ilikuwa mpaka wenyewe. The Elder Scrolls Online iliwapokea wandani wake wa kwanza, Bastian Hallix na Mirri Elendis, Juni 2021, wenye tabia za kuudhi na kuudhika. Mirri, kwa mfano, hukasirishwa na mchezaji anayekamata vipepeo, ingawa vipepeo ni chambo cha wavuvi wa mchezo huo. World of Warcraft, iliyowafundisha watu kucheza peke yao nje ya mapango bila kukusudia, ilifungua mapango hayo kwa wafuasi wa kompyuta Januari 2024, wanne kwa mtu mmoja, lakini kwa kiwango cha kawaida tu. Viwango vya juu, ambako ndiko kuliko silaha bora, vimebaki vya watu.