Uduvi Aliyekuja Kufagia

Katika chumba cha chama chetu, kando ya birika la chai, kuna tangi la kioo la lita 60. Tulilirithi kwa mwanachama aliyemaliza masomo akarudi Mombasa. Mgeni yeyote kutoka nyumbani akiinama kutazama kilichomo huuliza swali lilelile: "Hawa si uduvi? Mnawapika lini?"

Swali la haki. Kwetu uduvi huanikwa juani, huungwa kwa tui la nazi, huliwa kwa ugali au wali. Kumfuga ili kumtazama tu ni jambo lenye historia yake, nasi tuliifuata historia hiyo baada ya kupata msiba.

Tuanzie London. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jaribio lake: chombo cha kioo, samaki wawili wa dhahabu na mmea wa majini. Mmea uliwapa samaki hewa, lakini majani yalipooza maji yakachafuka, na kioo kikafunikwa na mwani, ule utelezi wa kijani. Akatia konokono. Konokono wakala uozo, maji yakatakata. Miaka minne baadaye Philip Henry Gosse alichapisha kitabu chake *The Aquarium*, na matangi yakaingia sebuleni mwa Waingereza wenye nafasi. Tangu siku za Warington ilijulikana kwamba maji machache yaliyofungiwa yanahitaji mfagiaji.

Uduvi alipata kazi hiyo baadaye sana, huko Japani. Takashi Amano, aliyezaliwa Niigata mwaka 1954, aliwahi kuwa mwendesha baiskeli za mashindano kabla ya kujulikana kwa upigaji picha na kampuni yake, Aqua Design Amano, aliyoianzisha mwaka 1982. Alitaka tangi lifanane na bonde lenye nyasi na miti iliyoanguka. Mimea ya namna hiyo inadai mwanga mkali, na mwanga mkali huleta mwani. Amano akamgeukia uduvi mmoja wa mito ya kwao, mwangavu kama kioo, mwenye vidoa ubavuni, anayekula mwani kutwa kucha. Wataalamu walimwita *Caridina japonica* kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2006 ilipoonyeshwa kwamba ndiye yuleyule aliyepewa jina *Caridina multidentata* mwaka 1860. Madukani hakuna anayejali hayo: anaitwa Amano, basi.

Hao ndio tuliorithi. Muhula wa kwanza majike wawili walibeba mayai tumboni, mengi yasiyohesabika, nasi tukaanza kugawana majina ya watoto. Siku moja mayai hayakuwapo. Tuliona vitu kama vumbi vikicheza karibu na taa, siku tatu hivi, kisha hatukuona kitu. Tukalaumu hita. Tukalaumu chakula. Halafu, tuseme ukweli, tukalaumiana, na wawili wetu hawakusemezana hadi mitihani.

Kumbe kosa halikuwa la mtu. Amano mkubwa huishi mtoni, lakini watoto wake huchukuliwa na mkondo hadi baharini, hukulia katika maji ya chumvi, kisha hupanda mto kurudi. Kwenye maji baridi watoto hufa wakiwa bado vumbi. Ndiyo maana wengi wanaouzwa wamevuliwa mitoni, hawakuzaliwa kwenye matangi.

Aliyebadilisha mambo ni ndugu yake mwingine, *Neocaridina davidi* wa Asia ya Mashariki. Bouvier, Mfaransa, alimwandika mwaka 1904, na jina linamkumbuka padri Armand David, yule aliyewajulisha wataalamu wa Ulaya juu ya panda. Mtoni ni wa kahawia hafifu, humtazami mara mbili. Ila jike hubeba mayai ishirini au thelathini, na baada ya wiki tatu au nne watoto hutoka wakiwa uduvi kamili, wadogo tu, katika majimaji yaleyale ya mama yao. Hapo mfugaji anaweza kuchagua: kila kizazi anabakiza wenye wekundu zaidi. Ndivyo walivyopatikana wekundu wa cheri, kisha wa manjano, kisha wa buluu. Ukiwachanganya rangi, wajukuu hurudia ukahawia wa mtoni.

Katika miaka ya 1990, Hisayasu Suzuki wa Japani naye alikuza wekundu kutoka kwa uduvi wa aina nyingine, wenye milia myeusi na myeupe. Hao wakaitwa Crystal Red. Tangu hapo mfagiaji amekuwa bwana wa nyumba. Leo watu hutoa samaki ili uduvi wasiliwe, hupima maji kwa ajili yake, na huogopa dawa za samaki zenye shaba, kwa sababu shaba kidogo tu humwua.

Sisi tulitia wekundu kumi mwezi wa pili. Ijumaa iliyopita tulihesabu arobaini na mmoja, tukachoka. Amano wawili wazee bado wapo chini ya gogo, na mmoja ana mayai tena. Safari hii wale wawili waliokosana wameweka ndoo ya maji ya chumvi kando ya birika, na wameandika juu yake: *Usimwage.*