Fahamu kasoro za kompyuta zinazompa mgeni funguo za nyumba nzima

WATU wengi wanaotumia kompyuta nyumbani na maofisini huamini kuwa kazi ya ulinzi ni moja tu: kumzuia adui asiingie. Huweka neno la siri, hununua programu ya kupambana na virusi, kisha hulala usingizi. Ipo hatua ya pili ambayo haizungumzwi sana, nayo ni kile anachoweza kukifanya adui akishaingia.

Hatua hiyo huitwa kujipandisha mamlaka. Ni hali ambayo mtu au programu yenye ruhusa ndogo ndani ya kompyuta hutumia kasoro ya mfumo endeshi kujitwalia ruhusa kubwa zaidi, mara nyingi mpaka kufikia cheo cha msimamizi mkuu wa mashine.

Mfano wake ni wa mgeni aliyekaribishwa barazani. Haki yake inaishia pale barazani. Lakini akigundua kuwa fundi aliyejenga nyumba aliacha pengo kati ya ukuta na dari, anaweza kupanda na kushukia chumba cha ndani. Hakuvunja mlango wa mbele, kwa maana alifunguliwa. Pengo aliliacha fundi, na mwenye nyumba hakulijua.

Ngazi za mamlaka

Wazo la kugawa mamlaka ndani ya kompyuta lilianza katika miaka ya 1960, wakati mashine moja ya bei kubwa ilipotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Mfumo wa Multics, uliobuniwa Marekani, uliweka ngazi kadhaa za ulinzi, kila moja ikiwa na uwezo mdogo kuliko iliyo juu yake. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell, ulirahisisha mambo: kuna watumiaji wa kawaida, na kuna mkuu mmoja aitwaye root ambaye hazuiwi na chochote.

Mwaka 1975 wanasayansi wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni ambayo bado ni msingi wa taaluma hii. Walieleza kuwa kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yale tu yanayohitajika kwa kazi yake, bila ya ziada.

Prosesa nazo zilijengwa kufuata fikra hiyo. Prosesa ya Intel 80286 ya mwaka 1982 ilikuwa na ngazi nne, kuanzia sifuri hadi tatu. Windows na Linux hutumia mbili tu kati ya hizo. Ngazi ya sifuri ni ya kiini cha mfumo, na ya tatu ni ya programu za kawaida.

Hata hivyo, kompyuta za watu binafsi zilichelewa kuifuata kanuni hiyo. Katika MS-DOS, na baadaye katika Windows 95 na 98, yeyote aliyekaa mbele ya kibodi alikuwa bwana wa kila kitu. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta majumbani ukuta wa kutenganisha mamlaka, lakini akaunti zilizofunguliwa wakati wa kuuweka mfumo huo zilikuwa za wasimamizi. Kirusi kilichoingia humo hakikuhitaji kupanda popote, kwani kilikuwa tayari kileleni.

Ilipofika mwaka 2007, Windows Vista ilianza kumwuliza mtumiaji kabla ya kuruhusu mabadiliko makubwa. Wengi waliona ni usumbufu. Lakini tangu hapo, ukuta wa ndani ukawa na maana hata katika kompyuta ya nyumbani, na kutafuta mapengo katika ukuta huo kukawa kazi ya lazima kwa wahalifu.

Pengo linavyopatikana

Msomaji anaweza kujiuliza: kama ukuta upo, kwa nini usizibwe kabisa? Jibu ni kwamba mdogo hana budi kuhudumiwa na mkubwa.

Mtumiaji wa kawaida anapobadili neno lake la siri, faili linalohifadhi maneno hayo ni lazima liandikwe upya, ilhali yeye haruhusiwi kuligusa. Hivyo ziko programu zinazofanya kazi kwa mamlaka ya mkuu kwa niaba ya mdogo. Utaratibu huo katika Unix ulibuniwa na Dennis Ritchie, na hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1979.

Programu hizo ni kama karani wa benki aliye nyuma ya dirisha. Mteja haingii katika chumba cha fedha. Karani ndiye anayeingia. Usalama wa chumba hicho unategemea umakini wa karani. Mteja mjanja akimpa hundi iliyoandikwa kwa namna ambayo karani hakufundishwa kuitambua, huenda karani akamletea fedha zisizo zake.

Kasoro zenyewe ni za aina chache. Kuna programu inayosahau kupima urefu wa maneno iliyopewa, ikaandika nje ya nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta. Kuna inayokagua kitu kwanza na kukitumia baadaye, na katika mwanya huo wa muda kitu hicho kikabadilishwa. Na kuna inayoamini jambo ambalo halikupaswa kuaminiwa.

Makosa yaliyoishi miaka mingi

Jambo la kushangaza katika historia ya kasoro hizi ni umri wake. Januari 2010 mtafiti Tavis Ormandy alitangaza kasoro katika sehemu ya Windows iliyowekwa ili kuendesha programu za zamani za DOS. Ilikuwamo tangu Windows NT ya kwanza ya mwaka 1993. Kwa miaka 17 ilipita toleo baada ya toleo bila kurekebishwa.

Linux, ambayo msimbo wake unaweza kusomwa na yeyote, nayo haikusalimika. Oktoba 2016 ilirekebishwa kasoro iliyopewa jina la Dirty COW, iliyokuwamo katika kiini cha mfumo huo tangu mwaka 2007. Ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika katika mafaili aliyoruhusiwa kuyasoma tu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alieleza kuwa alijaribu kuiondoa kasoro hiyo miaka 11 nyuma, lakini marekebisho yake yalitenguliwa kwa sababu ya matatizo mengine.

Januari 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro katika sudo, programu ambayo watumiaji wa Linux huitumia kuomba mamlaka ya mkuu. Maneno yaliyoishia na alama ya mkwaju wa kinyume yaliifanya programu iendelee kusoma kupita mwisho wake. Kasoro hiyo ilikuwa na umri wa takriban miaka 10.

Mwaka mmoja baadaye kampuni hiyohiyo ilifichua nyingine katika pkexec, programu yenye kazi inayofanana na hiyo. Mwandishi wake alichukulia kuwa programu itaitwa siku zote ikiwa na angalau neno moja, yaani jina lake yenyewe. Ilipoitwa bila neno lolote, ilichukua cha jirani na kukidhania kuwa ni chake. Dhana hiyo moja ilidumu tangu mwaka 2009.

Kwa upande wa Apple, Novemba 2017 iligundulika kuwa katika toleo la High Sierra mtu angeweza kuandika jina root, akaacha nafasi ya neno la siri wazi, akabonyeza mara kadhaa na kuingia kama mkuu wa mashine. Apple ilitoa marekebisho siku iliyofuata baada ya habari hiyo kuenea.

Hata kazi ya kuchapisha karatasi ina hatari yake. Mwaka 2021 kasoro katika huduma ya Windows inayopanga kazi za printa, iliyojulikana kama PrintNightmare, ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kupata mamlaka ya juu kabisa. Microsoft ilianza kutoa marekebisho ya dharura tarehe 6 Julai, ikaihusisha hata Windows 7 ambayo huduma yake ya kawaida ilikwishakoma mwaka 2020.

Madhara yake

Aliyeingia kwa mamlaka madogo anaweza kusoma nyaraka za mtumiaji yule mmoja, na hilo pekee ni hasara. Lakini aliyejipandisha cheo husoma za watu wote wanaotumia mashine hiyo, huzima programu ya kupambana na virusi, hunasa maneno ya siri na kujificha ndani ya kiini cha mfumo asionekane.

Mfano unaojulikana zaidi ni Stuxnet, programu haribifu iliyogunduliwa mwaka 2010 na ambayo ililenga mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Ilitumia kasoro nne za Windows ambazo hazikuwa zimerekebishwa, na mbili kati yake zilikuwa za kujipandisha mamlaka: moja kwa matoleo ya zamani, nyingine kwa mapya.

Kisa kingine cha mwaka huohuo kina funzo kwa mtumiaji wa kawaida. Microsoft ilipotoa kiraka cha ile kasoro ya miaka 17 mwezi Februari, baadhi ya kompyuta zilianza kuzima na kuonyesha skrini ya buluu. Watu walikilaumu kiraka. Uchunguzi ulionyesha kuwa mashine hizo zilikuwa tayari zimevamiwa na programu haribifu iitwayo Alureon, iliyojificha ndani ya mfumo. Kiraka kilibadili mpangilio ambao Alureon ilikuwa ikiutegemea, na mashine zikaanguka. Wenyewe walikuwa wakizitumia kila siku bila habari.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, fungua akaunti mbili katika kompyuta yako. Moja iwe ya msimamizi, itumike tu wakati wa kuweka programu au kubadili mipangilio. Nyingine iwe ya kawaida, kwa barua pepe, intaneti na kazi za kila siku. Anayefanya kila kitu kwa akaunti ya msimamizi humrahisishia mvamizi safari.

Pili, pokea masasisho yanapotolewa. Kasoro ikishatangazwa hadharani, wahalifu nao huisoma. Tangu mwaka 2003 Microsoft imekuwa ikitoa viraka kila Jumanne ya pili ya mwezi, na anayeviahirisha huacha pengo ambalo ramani yake imekwishatolewa.

Tatu, angalia umri wa mfumo wako. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa waliojiandikisha katika mpango maalumu waliongezewa muda. Mashine inaweza kuendelea kuwaka vizuri kwa miaka, lakini kila pengo jipya litakaloonekana litabaki wazi. Kwa asiyeweza kununua mashine mpya, baadhi ya matoleo ya Linux hutumika bure katika mashine kuukuu.

Nne, kompyuta inapouliza kama programu fulani ipewe mamlaka ya msimamizi, soma kwanza. Kama hukuanzisha jambo lolote linalohitaji ruhusa hiyo, kataa.

Tano, ukithibitisha kuwa mvamizi alifikia cheo cha juu, usiridhike na kufuta mafaili machache. Programu ya ulinzi iliyomo ndani ya mashine hiyo haiaminiki tena. Hifadhi nyaraka zako, futa diski yote na uweke mfumo upya kutoka chanzo cha kuaminika, kisha badili maneno yako ya siri.

Makosa ya mafundi hayataisha, kwa kuwa mifumo hii imeandikwa na binadamu na ina mamilioni ya mistari. Mtumiaji hawezi kuyaziba mapengo asiyoyajua. Anachoweza ni kuhakikisha kuwa anayafunga yale yaliyokwisha kujulikana, na kwamba mgeni akipita mlangoni hakuti funguo zote zikining'inia barazani.