Meno ya kahawia na vibandiko kutoka Marekani

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alitumiwa pakiti na dada yake aliyehamishiwa Marekani. Ndani mlikuwa na vibandiko vya kung'arisha meno: vipande vya plastiki laini vyenye dawa, unabandika, unangoja nusu saa, unatoa. Pakiti ilizunguka mkono kwa mkono, kila mtu anataka kujaribu. Lakini mwenyewe ndiye alikuwa na haja kweli. Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia tangu utoto, na watu wanamwita eti "mvuta sigara". Hajavuta hata siku moja.

Basi tukatafuta hii kitu ilitoka wapi.

Dawa iliyomo ni haidrojeni peroksaidi. Mfaransa Thénard aliigundua mwaka 1818, na kwa muda mrefu watu waliijua kwa kusafisha vidonda. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Arkansas, daktari wa meno William Klusmier alimpa mgonjwa wake dawa ya fizi ya jamii hiyo, aiweke usiku ndani ya kifaa chake cha meno. Fizi zikapona, na meno yakawa meupe. Haikuwa imekusudiwa! Mwaka 1989 madaktari Haywood na Heymann wakaandika njia hiyo rasmi, na mwaka 2001 kampuni ya Procter & Gamble ikaanza kuuza vibandiko madukani Marekani.

Wazee wetu walikuwa na mswaki wa mti, majivu na chumvi. Neno mswaki lenyewe ni la Kiarabu, na wenyeji wetu hapa wanasema mswachi kwa Kichewa. Wafanyabiashara Waswahili walikuwa Nkhotakota tangu miaka ya 1840, kwa hiyo sisi siyo wa kwanza kuleta Kiswahili nchi hii.

Sasa turudi kwa mwenzetu. Kabla ya pakiti kufika alikuwa anasugua na limao na makaa yaliyosagwa, asubuhi na jioni. Jameni, tuliona na tukanyamaza. Limao linalainisha ngozi ngumu ya nje ya jino, makaa yanaikwangua, na ikiisha hairudi. Alifika hatua ya kushindwa kunywa chai ya moto.

Na kumbe hakuwa anasugua uchafu. Mwaka 1901 daktari Frederick McKay alifika Colorado, Marekani, akakuta watu wengi wa pale wana meno ya kahawia. Alihangaika miaka thelathini. Mwaka 1931 mkemia Churchill alipima maji akakuta floraidi nyingi. Ikizidi, inaingia kwenye jino la mtoto likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi, na jino linaota likiwa tayari na doa. Ndiyo hiyo hiyo ya Arusha na ya Bonde la Ufa kule Kenya. Na kwetu, mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo inashuka na floraidi, na watu wa Rusayo na pande za Sake wanakinga maji ya mabati kwa sababu ardhi ya lava haishiki maji. Mwenzetu alikulia huko.

Hata hapa ipo. Tulipopita Capital Hill kwa mambo ya makaratasi, mlinzi mmoja alicheka na sisi, meno yake kama ya mwenzetu kabisa. Akasema ni maji ya Nathenje, kusini mwa Lilongwe. Ni kweli, visima vingine vya huko vimepimwa na kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita.

Kwa anayetaka vibandiko: vinasaidia manjano ya chai na sigara. Jino lenye tundu, usibandike. Sehemu iliyozibwa ya jino haibadiliki rangi. Angalia tarehe, na soma kiasi cha peroksaidi. Pakiti isiyoandika kitu, iache dukani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inataka dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 ianzie kwa daktari wa meno, na aliye chini ya miaka 18 asipewe. Sisi tunaona wamefanya vizuri.

Mwenzetu alitumia siku nne, maji baridi yakaanza kumchoma, akaacha. Madoa yapo palepale, ila sehemu nyeupe imezidi weupe, kwa hiyo yanaonekana zaidi. Jumapili dada yake alipiga simu ya video. Alipocheka tukaona na yeye anayo, yale yale. Alikuwa amemaliza pakiti mbili.