Aprili 15, 1872: Siku Kimbunga Kilipoingia Unguja

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba Kimbunga Hidaya kinasogea pwani yetu, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Unguja. Boti za Dar es Salaam zilikuwa zimesitishwa na yeye alikuwa na mzigo bandarini. Akaniuliza: je, kitafika hapa? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba vimbunga haviji Zanzibar, tuko karibu mno na ikweta. "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," akasema, akakata simu.

Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei kilikuwa kimeshapungua nguvu, kwa hiyo sikuumbuka. Lakini jibu langu lilikuwa la uongo, na nilikuja kulijua hilo wiki chache baadaye nikisoma habari za karafuu, wala si za hali ya hewa. Kimbunga kilishawahi kuingia Unguja. Kiliingia Jumatatu, Aprili 15, mwaka 1872, kikapita juu ya mji wenyewe.

Hebu tuuone mji ulivyokuwa. Seyyid Barghash ana mwaka mmoja na nusu tu kwenye kiti. Jumba la Beit al-Ajaib bado halijajengwa. Mashamba ya karafuu yamejaa upande wa magharibi na kaskazini wa kisiwa. Na bandari imejaa vyombo, maana Aprili ndio mwezi wa kungoja upepo. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi huja na kaskazi, hufanya biashara, kisha husubiri kusi ianze kuvuma iwarudishe mabaharia kwao. Wazungu wa kaskazini miezi hii wanaiita majira ya kuchipua, wanatazama maua. Kwetu ni masika: mvua kubwa, pepo mbili zikibadilishana zamu, bahari ina joto la mwaka mzima lililojikusanya.

Hiyo bahari yenye joto ndiyo chakula cha kimbunga. Maji yakizidi nyuzi joto 26 hivi, hewa yenye unyevu hupanda kwa wingi, mgandamizo wa hewa chini unashuka, na hewa ya pembeni inakimbilia kuziba pengo. Dunia inapozunguka inaipindisha ile hewa njiani, hivyo badala ya kufika katikati moja kwa moja inaanza kuzunguka. Upande wetu wa kusini mwa ikweta inazunguka kama mishale ya saa.

Shika hilo la mishale ya saa, maana ndilo linaloeleza kilichotokea siku ile. Kimbunga kinachotoka baharini, mashariki, kikielekea magharibi, kinakukuta wewe uko upande wake wa mbele, yaani magharibi yake. Upande huo upepo unatoka kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo mtu aliyeamka mjini asubuhi ile angeweza kudhani kusi imewahi. Upepo ukazidi, ukang'oa makuti, ukaanza kung'oa mapaa. Kisha mchana ukatulia. Lile lilikuwa jicho la kimbunga, sehemu ya katikati ambayo haina upepo. Jicho likishapita, wewe sasa uko upande wa nyuma, na huko upepo unatoka kaskazini. Ndivyo ilivyokuwa: baada ya utulivu mfupi upepo ulirudi kwa kishindo kutoka upande mwingine kabisa.

Nahodha aliyetia nanga zake kwa kuangalia upepo wa kusini alikuwa hana kinga. Mji umekaa upande wa magharibi wa kisiwa, na upepo wa kaskazini na kaskazini-magharibi unasukuma kila kinachoelea kuelekea ufukweni. Vyombo vilirushwa pwani, vikagongana, vikazama. Zilizopotea humo ni pamoja na meli za Barghash mwenyewe, yaani karibu nguvu yake yote ya baharini iliisha alasiri moja.

Onyo lisingeweza kuja kutoka popote. Waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, miaka saba baadaye. Hata kama kuna nahodha aliyekutana na dhoruba ile huko baharini, habari zake zingefika pamoja na dhoruba yenyewe, au baada yake.

Ng'ambo nako hakukusalimika. Bagamoyo, misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868 ilibomolewa, ikabidi waanze upya. Mvua za masika za mwaka ule zilikuwa kubwa hata bara. Henry Morton Stanley, aliyekuwa anarudi pwani baada ya kumpata Livingstone, alipita Simbamwenni, karibu na ilipo Morogoro ya leo, akakuta mafuriko ya mto Ngerengere yamebomoa ukuta wa mji. Alifika Bagamoyo mwanzoni mwa Mei, akakuta pwani nzima inazungumzia tufani.

Sasa, kwa nini mimi na wengine wengi tunaamini haiwezekani? Kwa sababu tumeshika nusu ya fizikia. Ile nguvu ya kupindisha hewa, inayoitwa nguvu ya Coriolis, ni sifuri kwenye ikweta na inaongezeka kadiri unavyoiacha. Ndiyo maana ni nadra sana kimbunga kuzaliwa chini ya latitudo ya nyuzi 5. Mji wa Zanzibar uko nyuzi 6 na kidogo kusini. Ukipiga hesabu, nguvu hiyo hapa ni chini kidogo ya theluthi ya ile ya Beira, Msumbiji, mji uliopigwa na Kimbunga Idai Machi 2019. Ni ndogo, lakini si sifuri. Isitoshe, kimbunga hakilazimiki kuzaliwa hapa ndipo kije hapa. Kinaweza kuzaliwa mbali baharini na kusukumwa. Kwa kawaida vimbunga vya ukanda huu vikishaanza safari ya magharibi hukunja kuelekea kusini, vikaishia Madagaska au Msumbiji. Kwa kawaida. Cha 1872 hakikukunja.

Pia kilikuwa kidogo kwa upana, na hapa ndipo historia inapoingia. Pemba iko kilomita 50 hivi tu kutoka Unguja, upande wa kaskazini-mashariki, na ilipona karibu yote. Unguja inakadiriwa ilipoteza theluthi mbili ya mikarafuu na minazi yake. Mkarafuu si muhindi useme utapanda tena msimu ujao. Unachukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, na miaka zaidi kuzaa vizuri. Kwa hiyo kwa muda wote huo mwenye shamba Unguja alikuwa anatazama miche, na mwenye shamba Pemba alikuwa anauza kwa bei iliyopanda. Watu wenye fedha wakahamishia macho Pemba. Kabla ya hapo Unguja ndiyo iliyokuwa kisiwa cha karafuu. Baada ya hapo ni Pemba, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huko.

Lakini karafuu hazijichumi. Zilichumwa na watumwa, na neema ya Pemba ilimaanisha watu wengi zaidi kuvushwa kutoka bara. Januari 1873, miezi tisa tu baada ya kimbunga, Sir Bartle Frere alifika kutoka Uingereza kumtaka Barghash apige marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Barghash alikataa, na moja ya hoja zake ilikuwa hiyo hiyo: mashamba yamebomoka, mkitunyima na wafanyakazi tutakuwa tumekwisha. Hoja inaeleweka kwa upande wa mwenye shamba. Kwa upande wa aliyefungwa kamba shingoni haina maana yoyote. Waingereza wakatishia kufunga bandari kwa manowari zao, na Barghash hakuwa na meli za kujibu. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini, soko la Mkunazini likafungwa. Magendo ya watu kwenda Pemba yaliendelea kwa miaka mingi.

Sisemi kimbunga ndicho kilichofunga soko. Manowari zingekuja tu. Ila kilimkuta Sultani mgeni, akakutwa tena na Waingereza akiwa hana meli wala mavuno.

Baadaye alijiundia meli mpya Uingereza, Glasgow, iliyoshushwa majini mwaka 1878 kuziba pengo la zilizozama. Hiyo nayo ilizamishwa na Waingereza kwenye vita vile vya dakika zisizofika saa moja, Agosti 27, 1896, na milingoti yake ilibaki inachungulia juu ya maji ya bandari hadi ilipoondolewa mwaka 1912.

Kimbunga kingine kikubwa kilipiga kusini, Lindi, mwaka 1952. Tarehe? Aprili 15, miaka 80 kamili baadaye. Hiyo ni bahati tu ya kalenda, ingawa mwezi wenyewe si bahati. Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 25, 2019, Mtwara ikiwa kwenye tahadhari. Jobo kilitusogelea Aprili 2021 kikafifia kabla ya kutua. Hidaya kilichelewa, kikaja Mei.

Nilimpigia shangazi kumweleza yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ile meli iliyochelewesha mzigo wake ilikuwa na haki ya kukaa bandarini siku mbili. Nikamwambia ilikuwa nayo.