Kazi Pacha: Kutembea Huku Ukizungumza

Mzee aliyepata kiharusi anatembea kwenye korido, mkongojo mkononi. Mkewe anamuuliza, "Baba Asha, funguo umeziweka wapi?" Miguu inasimama kwanza, ndipo jibu linatoka.

Kusimama huko kumewahi kupimwa. Mwaka 1997, Lillemor Lundin-Olsson, mtaalamu wa fiziotherapia wa Umeå, Uswidi, na wenzake waliwachunguza watu 58 katika makazi ya wazee. Waliosimama mara mazungumzo yalipoanza walikuwa 12, na 10 kati yao walianguka ndani ya miezi sita.

Kwa mtu mzima wa afya, kutembea hujiendea tu. Baada ya kiharusi, kila hatua inadai akili: kunyanyua vidole visikwaruze sakafu, kukaza goti, kuhamisha uzito. Umakini unaobaki kwa mazungumzo ni mdogo.

Hali hii ya kufanya mambo mawili kwa mpigo tuiiteje? "Kazi mbili" inamleta akilini mwalimu anayefungua duka jioni. Huyo hafundishi na kuuza dakika ileile. "Kazi sambamba" inapendeza sikioni, ila mistari sambamba haikutani, ilhali hapa kazi zinagombania kitu kimoja. "Kazi pacha" inafaa zaidi. Pacha hunyonya kwa mama mmoja. Maziwa yakiwa haba, mmoja akishiba mwingine hulia. Umakini ndio maziwa yenyewe.

Istilahi hiyo ikae kwenye faili na vitabuni. Kwa mgonjwa, "-ki-" yetu inatosha: "Tembea, mama, ukinitajia majina ya samaki."

Mazoezi huanzia chini. Mgonjwa husimama akihesabu kurudi nyuma, kisha hupiga hatua chache akiwa na bilauri ya maji, halafu hutembea akitoa saba kutoka 100, mtaalamu akiwa ubavuni tayari kumdaka.

Maendeleo hupimwa kwa saa. Tuseme mama huyo anamaliza mita 10 kwa sekunde 20 akiwa kimya, na sekunde 25 akitaja samaki. Kasi yake imeshuka kutoka mita 0.5 hadi 0.4 kwa sekunde, yaani asilimia 20. Hiyo ndiyo gharama ya upacha.

Lakini saa peke yake hudanganya. Akirudi wiki ijayo na kumaliza kwa sekunde 20 zilezile, mtaalamu makini huhesabu pia samaki: huenda miguu imekwenda vizuri kwa sababu baada ya changu na kolekole ulimi ulinyamaza.