Kamba ya Mita Sitini

Wanachuo wangu wa ualimu hupenda kuuliza: shamba ni la babu yangu, Serikali inaingiaje? Huwajibu kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Sisi tuna haki ya kuitumia, na matumizi yana mipaka. Serengeti ilifanywa hifadhi mwaka 1951. Mwaka 1994 yakafuata mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Naikubali, maana mto hauna mwenyewe mmoja. Lakini mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, Tarime, karibu na mto Tigithe. Kamba inayompima mkulima impime na mwenye mgodi.