Kadhi na Istilahi za Sheria: Kazi ya Sayyid Ahmad bin Sumait wa Unguja

Mtu aliyekwenda kwa kadhi wa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 aghlabu alieleza shauri lake kwa Kiswahili, akaulizwa kwa Kiswahili, na hukumu yake akaisikia kwa Kiswahili. Lakini kitabu alichokitazama kadhi kabla ya kuhukumu kilikuwa cha Kiarabu, na barua iliyopigwa muhuri iliandikwa kwa Kiarabu pia. Baina ya lugha ya mdai na lugha ya kitabu palikuwa na nafasi, na humo ndani kadhi ndimo alimofanyia kazi. Wanaochunguza lugha ya Kiswahili wameyatazama sana mashairi na tendi, ambazo ziliandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Maandishi ya makadhi wameyaachia wanafunzi wa fikihi. Yafaa yatazamwe na wao pia, khasa ya Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, kwa sababu katika kazi zake moja ilihusu maana ya maneno tu.

Sayyid Ahmad alizaliwa mwaka 1861 Itsandraa, katika kisiwa cha Ngazija. Baba yake alikuwa mtu wa Shibam, Hadhramaut, aliyefika pande hizi kwa biashara. Mwana alisoma kwao, kisha akawa nahodha kabla hajawa kadhi. Jambo hilo si dogo, kwa maana mtu aliyepita bandari nyingi amekwisha kusikia kwamba neno moja halina uzito mmoja kila mahali. Katika miaka ya 1880 Sayyid Barghash alimpa ukadhi wa Unguja, naye bado yu kijana. Hawakupatana muda mrefu. Sayyid Ahmad akaondoka, akenda Istanbul, akakaa na Sayyid Fadhl bin Alawi, mzaliwa wa Malabar aliyekuwa karibu na Sultani Abdulhamid wa Pili. Tena akapita Misri, Makka na Bara Hindi. Aliporejea Unguja mwaka 1888 Barghash alikuwa amekwisha kufariki, naye akarudishwa katika kiti chake. Rafiki yake mkubwa alikuwa Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ambaye darasa yake ya Ukutani iliwalea wanavyuoni wengi wa pwani hii.

Katika vitabu vyake, Manhal al-Wurrad ni sharhi ya beti za Sayyid Abdalla bin Alawi al-Haddad, na mambo yake ni ya dini na ya njia ya masufi. Kingine, al-Ibtihaj, hueleza istilahi za Minhaj. Minhaj at-Talibin ni kitabu cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, na ndicho nguzo ya makadhi wa madhehebu ya Shafi kuanzia Misri hadi Hadhramaut, na kuanzia pwani ya Afrika hadi Java. Ni kitabu kifupi kwa wingi wa mambo yaliyomo, na ufupi huo umepatikana kwa hila moja. Nawawi hakueleza kila mara ni nani aliyekhitilafiana na nani. Aliweka neno moja, na neno hilo likabeba khabari yote ya khitilafu.

Akisema adhhar, maana yake Imamu Shafi mwenyewe alitoa kauli mbili au zaidi, na hii ndiyo iliyoshinda, lakini ile iliyoshindwa nayo ina nguvu. Akisema mashhur, khitilafu pia ni ya kauli za Imamu, ila iliyoshindwa ni dhaifu. Asahh na sahih zina daraja kama hizo, lakini hapo khitilafu ni ya wafuasi wa Imamu, si yake mwenyewe. Madhhab hutajwa pale wapokezi walipokhitilafiana katika njia za kuyapokea maneno ya madhehebu. Jadid ni kauli mpya ya Imamu alipokuwa Misri, na qadim ni ya zamani alipokuwa Iraki. Basi kadhi asiyezijua daraja hizi ataona hukumu, asione kilichosimama nyuma yake. Mwenye kuzijua hujua pia, kama akilazimika kuiacha kauli, anaacha nini na anakwenda wapi.

Si mambo ya darasani tu. Katika Unguja ya wakati ule wanaume walikwenda bara na misafara, wakafika Unyanyembe na Manyema, wengine wakatweka na majahazi katika msimu, na baadhi yao khabari zao zikakatika. Mke aliyebaki mjini au shamba alikwenda kwa kadhi kuuliza: yeye ni mke au ni mjane? Minhaj yatoa jawabu lenye mlango mmoja mkubwa na mwingine uliorudishwa. Kwa kauli mpya haolewi mpaka iwe yakini kuwa mume amekufa au amemwacha. Kwa kauli ya zamani atangoja miaka minne, kisha atakaa edda ya kufiwa, kisha ataolewa. Nawawi anaongeza kwamba kadhi akihukumu kwa kauli ya zamani, hukumu yake itabatilishwa kwa kufuata ile mpya, na hapo akaweka neno asahh. Msomaji wa haraka ataona mlango umefungwa kabisa. Msomaji aliyefundishwa istilahi atajua kwamba kuwamo kwa neno hilo ni ushahidi kuwa wafuasi wa Imamu wenyewe hawakukubaliana kama hukumu ya kadhi huyo ivunjwe, na kwamba rai iliyoachwa haikuwa ya kudharauliwa.

Mlango mwingine wa mwanamke huyo ulikuwa nafaka. Mume akishindwa kabisa kumlisha mkewe, na mke asisubiri, mke ana haki ya faskhi. Na haki hiyo imetajwa kwa neno adhhar, yaani Imamu ana kauli nyingine yenye nguvu. Lakini mume akiwa tajiri, naye amezuia tu, awepo au asiwepo, hapana faskhi. Na hili limetajwa kwa neno asahh. Sentensi mbili zimefuatana, na kila moja ina msingi mbali. Maisha ya mtu yalitegemea herufi chache hizo. Haikuwa ajabu basi kadhi mwenye shughuli nyingi akatafuta nafasi ya kuandika juu ya maneno ambayo wengine waliyadhania madogo.

Hapa pana jambo linalowahusu watu wa lugha. Karibu kila istilahi ya Nawawi ina ndugu yake katika Kiswahili, na kila ndugu amehama nyumbani. Asili ya adhhar ndiyo asili ya dhahiri, ambayo kwa Mswahili ni jambo lililo wazi, lisilo na shaka; na adhhar ni neno la mahali palipo na shaka kubwa. Mashhur ndiyo mashuhuri, mtu au kitu kinachojulikana na wengi. Sahih imekuwa sahihi, yaani kitu kisicho kosa, tena mkono wa mtu chini ya karatasi. Madhhab imekuwa madhehebu, kundi la watu wenye itikadi yao. Kiswahili kiliyachukua maneno, kikaziacha daraja zake. Kadhi aliyemwambia mdai kwa Kiswahili kuwa hukumu ni dhahiri alikuwa amesema kweli kwa lugha ya mji, na kwa lugha ya kitabu alikuwa ameficha nusu ya khabari. Pengine ndivyo inavyopasa mahakamani, maana mtu aliyeshindwa hapendi kuelezwa kwamba kauli iliyomfaa nayo ina nguvu!

Kabla ya Sayyid Ahmad alikuwapo kadhi mwingine aliyeijaribu nafasi hii kutoka upande wa Kiswahili. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghany al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, aliyekuwa kadhi wa Kilwa angali kijana mno na baadaye wa Unguja, alifariki mwaka 1896. Aliandika katika fikihi, tauhidi na nahau. Alijadiliana juu ya dini na Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza. Na alianza kamusi ya Kiswahili na Kiarabu ambayo hakuimaliza. Steere mwenyewe ameeleza, katika dibaji ya kitabu chake cha kufundisha Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, kwamba Sheikh Abdulaziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora. Kazi haikwenda, kwanza kwa sababu ya shughuli nyingi za Sheikh, na pili kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno kwa haja ya mmisionari. Steere alitaka lugha ya kila mtu. Kadhi alimpa lugha ya mtu aliyekwisha kulipima kila neno kwa asili yake ya Kiarabu. Yasikitisha kwamba kurasa zile hazikuendelea, kwani zingekuwa mfano adimu wa nathari ya mwanachuoni wa Unguja wa zama zile.

Ukadhi wa Sayyid Ahmad ulipita katika wakati wa mageuzi. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890. Kwa desturi ya Mabusaidi mji ulikuwa na makadhi wa Kiibadhi, madhehebu ya mfalme, na makadhi wa Kisunni, madhehebu ya wenyeji wengi. Amri ya mahakama ya mwaka 1908 ilikubali kuwa sheria ya Kiislamu ndiyo msingi katika madai ya mahakama za Sultani, lakini mahakimu wa Kiingereza wakakaa juu ya kiti. Watu hao walilelewa katika elimu nyingine. Nao walikuwa na wahenga wao: Matthew Hale, aliyefanywa jaji mkuu wa Uingereza mwaka 1671, aliandika historia ya sheria ya nchi yake na aliandika pia tafakuri za dini. Lakini Hale aliziandika kama kazi za vyumba viwili katika nyumba moja, na kufikia karne ya 19 mlango baina ya vyumba hivyo ulikuwa umefungwa. Kwa Sayyid Ahmad, sharhi ya al-Haddad na sharhi ya istilahi zilitoka katika chumba kimoja.

Mahakimu hao nao walikuwa na Minhaj. L. W. C. van den Berg aliifasiri kwa Kifaransa na kuichapisha Batavia kuanzia mwaka 1882, kwa haja ya Waholanzi waliotawala Java, na Snouck Hurgronje, bingwa wa mambo ya Kiislamu, aliishutumu vikali kazi hiyo. Mwaka 1914 E. C. Howard aliigeuza ile ya Kifaransa kuwa ya Kiingereza, ikachapwa London, nayo ikategemewa katika mahakama za makoloni. Basi katika mji mmoja palikuwa na watu wawili wakisoma kitabu kimoja: kadhi akikisoma kwa Kiarabu pamoja na Tuhfa ya Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 1567, na Nihaya ya Ramli, aliyefariki mwaka 1596, na hakimu akikisoma kwa lugha ya tatu, bila ya sharhi. Tena kwa mke wa mtu aliyepotea hakimu alikuwa na hesabu yake mwenyewe. Sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa msingi wa sheria za namna hiyo Afrika ya Mashariki, ilitaja miaka saba bila ya khabari. Yakini, miaka minne, miaka saba: mwanamke yule yule, na hesabu tatu.

Mwaka 1923 amri nyingine ilipunguza kazi ya makadhi, ikawaachia hasa ndoa, talaka, mirathi na madai madogo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1925, Sheikh Abdalla Bakathir na Sayyid Ahmad walifariki wote wawili. Sayyid Ahmad alizikwa Malindi, karibu na Msikiti wa Ijumaa. Mwanawe, Sayyid Umar, alikuja kuwa kadhi mkuu wa Unguja, na mwanafunzi wake, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, kadhi mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Sheikh al-Amin ndiye aliyechukua hatua ambayo mwalimu wake hakuichukua: alianza kuwaandikia watu mambo ya dini kwa Kiswahili, katika kijigazeti cha Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Khabari nyingi za Sayyid Ahmad zinajulikana kwa sababu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyepata kuwa kadhi wa Unguja na baadaye kadhi mkuu wa Kenya, aliziandika kwa Kiswahili katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki.

Sheria yenyewe ilikuwa ngumu zaidi kuhama. Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy wa Tanga aliweza kuandika Mirathi kwa Kiswahili kwa sababu hesabu za mirathi zilikwisha kuingia katika lugha pamoja na majina yake: nusu, thuluthi, sudusi, thumuni hazikupoteza kitu njiani, na moja ya nane ni moja ya nane kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Istilahi za Minhaj hazikupata bahati hiyo. Adhhar na asahh husomwa kwa majina yake ya Kiarabu, na mwanafunzi wa pwani afunguapo al-Ibtihaj hana budi kwanza kuziweka kando dhahiri na sahihi alizozizoea nyumbani kwao.